Maswali ya Wasomaji: Nikodi Lori Zima au Nichanganye na Wenzangu?

Assalam alaikum. Mimi nanunua nazi huku Malindi napeleka Nairobi, Marikiti. Siku zote natia kwa lori la watu wengi nalipa kwa gunia. Sasa kuna broka aniambia nikodi lori zima peke yangu ati ndo rahisi, na mzigo wangu haujazi lori. Nimsikize au anataka tu kula pesa zangu? – Muuza nazi, Malindi

Waalaikum salaam dada. Kula anataka, broka gani hataki, lakini usimkatalie kabla hujapiga hesabu. Watu wengi wafikiri lori zima ni la mwenye mzigo wa kujaa mpaka juu na sivo, lori zima ni kwamba umelipia gari yote iende na mali yako tu, ujaze usijaze ni shauri yako. Kwa hivo swali sio mzigo wako unajaza au haujazi, swali ni gunia moja likifika Marikiti limekula shilingi ngapi.

Chukua mfano, na hizi nambari ni za mfano tu sio bei ya soko: lori la tani kumi waambiwa 60,000, na kwa lori la kuchanganya walipa 400 kwa gunia. Gawanya 60,000 kwa 400 wapata 150. Ukiwa na gunia 150 kwenda juu lori zima lakufaa, ukiwa na 90 wachoma pesa, na ukiwa na 130 hapo katikati ndo ufikirie vizuri manake kuna vitu havionekani kwa ile 400. Lori la kuchanganya halitoki mpaka lijae, kwa hivo nazi zako zinakaa juani zikipasuka huku dereva anangojea mtu na vitunguu vyake, halafu njiani linasimama kila mahali kushusha, na kila kikishushwa kitu lazima vyako viguswe, virushwe, vipangwe upya. Wewe hesabu mwenyewe gunia ngapi umepoteza hivo miezi hii, utie kwa ile bei. Mimi kwa nazi za kufuliwa ningevumilia kuchanganya, kwa maembe, hasa ngowe zikiwa zimeanza kuiva, singekubali hata siku moja.

Ila kitu broka hatakwambia ni hiki. Malori yanakuja Malindi yamejaa simiti, unga, soda, vitu vya maduka, yakishusha mengi hayana cha kurudi nacho, na mwenye gari dizeli ya kurudi ashaihesabu. Huyo ndo mtu wako! Gari ikitolewa Mombasa tupu ije ikuchukulie wewe, wewe ndo unalipa kwenda na kurudi hata kama hujaandikiwa hivo. Kwa hivo jua wale wenye mahadiwea na mastoo ya jumla wanaletewa mzigo siku gani, uongee na madereva mapema, na nazi ziwe zishafuliwa na ziko kwa gunia, manake dereva wa kurudi hangoji. Bei ya lori zima la kurudi mara nyingi ndo itakayokuwa rahisi kuliko kuchanganya hata kama una nusu ya mzigo. Na kama kuna mwenzako wa nazi unayemuamini, kodini pamoja nyinyi wawili, mali ni aina moja na mwashusha mahali pamoja.

Pesa usitoe zote. Nusu ukimaliza kupakia, nusu mzigo ukipokelewa na mtu wako akaweka sahihi. Piga picha namba ya gari, logbuku na kitambulisho cha dereva, umpigie simu mwenye gari mwenyewe sio broka tu. Akianza kukasirika kwa sababu ya picha, mwache aende.

Kwa lori zima, si nijaze tu nikitaka maadam nimelilipia? Dereva asema kuzidisha kidogo si neno. – Huyo huyo muuza nazi

Si neno kwake, ni neno kwako ukingojea. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki yahesabu ekseli, ule mtaimbo unaoshika tairi za pande mbili: ekseli ya mbele ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi mbili mbili tani 10, zikiwa mbili pamoja tani 18. Lori la ekseli mbili lote na mzigo wake lisipite 18, la ekseli tatu 26, na trela kubwa kabisa la ekseli saba tani 56. Na hapo uzito wa gari lenyewe uko ndani, watu husahau hilo, wanaona 26 wanafikiri ni mzigo. Toka Malindi upite Mavueni na Kaloleni utatokezea Mariakani na mizani iko pale. Gari ikizidi inazuiliwa, faini, mzigo wa ziada ushushwe, na nazi zako zalala hapo. Pia uzito wote waweza kuwa sawa na ukashikwa bado, kwa sababu umerundika mzigo wote nyuma ekseli moja ikazidi. Simama mwenyewe wakati wa kupakia, taniboi wanapakia kwa haraka ya kwenda kulala.

Nina duka la hadiwea Langoni, Lamu. Nimekodi lori zima la simiti toka Mombasa, tumekubaliana bei, lakini lilipofika Mokowe likalala na dereva sasa adai pesa ya kulaza gari. Ni haki? – Mwenye duka

Bwana wangu, inategemea mlikubaliana nini, na naona hamkukubaliana kitu. Bei ya lori yaishia Mokowe, kisiwani lori haliendi. Toka pale ni mahamali wa kushusha, mashua, mahamali tena wa kupandisha, na punda au mkokoteni mpaka mlangoni. Simiti ni mifuko 20 kwa tani, lori la tani 15 ni mifuko 300 inapita mgongoni mwa mtu zaidi ya mara moja, hiyo si kazi ya saa moja. Na kama una wateja Pate au Faza muulize nahodha kwanza habari ya maji pale Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari wa kwendea huko, mashua iliyojaa yaweza kushindwa kupita maji yakikupwa.

Kwa hivo dereva ana haki kama mashua yako ndo iliyochelewa. Kama yeye ndo alichelewa, au gari lilikwama njiani, hana. Safari ijayo andikeni hata kwa WhatsApp tu: gari ikifika Mokowe una masaa mangapi ya kushusha bure, baada ya hapo usiku mmoja ni bei gani, na barabara ikifungwa nani anabeba hasara. Hilo la mwisho si mchezo, mwisho wa 2023 na tena 2024 maji ya Tana yalikata barabara pale Gamba na malori yakakwama, na njia ya Garsen kuja Lamu kuna wakati magari yapangwa kwa msafara wa polisi. Mashua iwe imeshikwa kabla lori halijapita Witu. Na turubai mbili, ya lori na ya mashua, simiti ikilowa hakuna wa kumlaumu. Bima ya gari ya kawaida haishiki mali yako, ya mzigo njiani ni nyingine, uliza kabla hujalipa.

Naweza kupakia mabati kwa lori lililotoka kubeba chumvi Gongoni? – Fundi, Malindi

Lioshwe na likauke kwanza, chumvi iliyobaki yatia mabati kutu. Na uende ulione kwa macho yako, usiambiwe kwa simu.