Barazani, Tarehe 31 Oktoba

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza sisi tunaoishi ughaibuni: "Ni sikukuu gani ya wenyeji mliyoikaribisha nyumbani kwenu, na mliikaribishaje?" Nimeliandika jibu langu na kulifuta mara mbili, kwa sababu sikukuu ninayotaka kuitaja ni ile ambayo ndugu zangu wengi katika imani huitaja kwa kunong'ona au kwa kukemea, yaani Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba ambao watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba vitu vitamu. Ndiyo tuliyoikaribisha, na naomba nafasi ya kueleza kwa kirefu.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga, na mwaka huu natimiza miaka 11 nikiwa mkazi wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwetu Oktoba ni mwezi wa kutazama mawingu, kwa maana mvua za vuli zinakaribia na mashamba yanangoja mbegu. Huku, majira ambayo kamusi zetu huyaita vuli vilevile ni kinyume chake kabisa: majani hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika katika muda wa wiki mbili au tatu, bustani huuawa na sakitu, yaani umande ulioganda, ya usiku mmoja, na watu ambao kiangazi chote ulikuwa ukiwaona wakimwagilia maua huanza kujifungia ndani mmoja mmoja. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina baraza ya mbele iliyoezekwa, yenye ngazi na nguzo za mbao, na mtu aliyelelewa Tanga akiiona baraza hutarajia kumkuta mtu ameketi. Nilichokiona mimi mwaka wangu wa kwanza ni baraza tupu, moja baada ya nyingine, mpaka ilipofika jioni ya tarehe 31.

Jioni ile tuliwasha taa ya nje kwa sababu tu mume wangu alikuwa akitoka kwenda zamu ya usiku. Muda si mrefu kengele ikalia. Nilipofungua mlango niliwakuta watoto watano, mmoja amevaa kofia ndefu ya mchawi, mwingine amechorwa mifupa juu ya nguo nyeusi, wote wamenyoosha mifuko yao na kutamka kwa pamoja maneno ambayo maana yake ni "nipe kitamu au nikufanyie vituko". Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alipiga ukelele na kujificha nyuma ya gauni langu. Ndani sikuwa na peremende hata moja. Nilikuwa na sahani ya kashata za karanga nilizozipika asubuhi, nikawapa kwa furaha, na hapo mama mmoja aliyekuwa akisubiri chini ya ngazi akapanda haraka, akaniomba radhi kwa upole, akanieleza kwamba mwanawe akionja karanga hukimbizwa hospitali, na kwamba usiku huo wazazi hupokea tu vitamu vilivyofungwa kiwandani. Sikukasirika, lakini niliumia kama anavyoumia mtu aliyenyoosha mkono wa ukarimu ukarudishwa. Nilikuwa nimeanza kuufunga mlango nilipomwona mama mzee wa nyumba ya pili akivuka uwanja wetu uliojaa majani makavu, amebeba bakuli la chokoleti, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa "Kamwene".

Hiyo si lugha ya kwetu. Ni salamu ya Wahehe wa Iringa, lakini kuisikia pale, kutoka kwa mtu ambaye kwa miezi minne tulikuwa tumepungiana mikono tu, kulinitoa machozi. Makanisa ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul yana udugu na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tangu mwaka 1987, udugu ambao hata huku unaitwa kwa Kiswahili, Bega kwa Bega, na mama huyu alikwisha kusafiri hadi Iringa mara mbili. Alisimama nami barazani mpaka saa mbili usiku. Alinifundisha kwamba taa ya nje ikiwaka maana yake ni karibuni, na ikizimwa hakuna atakayegonga. Kwamba mtoto huambiwa neno jema kuhusu vazi lake kabla ya kupewa kitu. Na kwamba kijana mrefu ambaye hakuvaa chochote cha pekee naye hupewa, wala haulizwi umri, kwa kuwa huenda ndio mwaka wake wa mwisho wa kuwa mtoto. Usiku ule niliwatambua majirani wengi kuliko niliowatambua katika miezi minne iliyotangulia.

Nilipolala nilikumbuka mkono wa Idi. Wazazi wangu ni Walutheri, lakini mtaa wetu pale Muheza ulikuwa na Waislamu wengi, na asubuhi ya Idi sisi watoto wote, bila kuulizwa tunasali wapi, tulivaa nguo zetu nzuri na kupita nyumba kwa nyumba. Tulipiga hodi, tukatoa salamu, tukasimama kwa adabu tukingoja sarafu, na katika nyumba nyingine tukapewa kaimati au visheti. Mama yangu hakuona kwamba tumebadili dini. Aliona kwamba tumekwenda kuwaamkia wakubwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini mimi, mwanakwaya, nawapeleka wanangu milangoni mwa watu usiku wa Halloween, jibu langu la kweli ni kwamba katika nchi hii ambayo mtu hapigi hodi bila miadi, sijaona usiku mwingine unaomruhusu mtoto kugonga mlango wowote wenye taa na kupokewa kwa tabasamu. Nilikuwa nimeukosa mtaa, na usiku huo ulinirudishia.

Najua pingamizi zake, na siyapuuzi maneno ya wazee wetu wa jumuiya wanaosema kwamba hiyo ni sherehe ya mashetani. Historia yake ina pande mbili. Waselti, watu wa kale wa Ireland na maeneo jirani, walikuwa na sikukuu ya Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua majira ya giza, na waliamini kwamba wakati huo pazia kati ya walio hai na wafu huwa jepesi. Kanisa nalo liliiweka tarehe 1 Novemba kuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na jina Halloween si kitu kingine ila ufupisho wa maneno yenye maana ya mkesha wa watakatifu hao. Ni katika mkesha huohuo, mwaka 1517, Martin Luther alipotoa hoja zake 95 kule Wittenberg, Ujerumani, ndiyo maana sisi Walutheri tunaiadhimisha tarehe hiyohiyo kama kumbukumbu ya Matengenezo ya Kanisa. Nyumbani kwetu tumeamua hivi: hatutundiki mafuvu, hatuchezi na habari za kuita wafu, na asubuhi tunasoma zaburi ya 46 ambayo Luther aliipenda. Jioni tunawasha taa. Familia nyingine za Kitanzania hapa zimeamua vingine, nazo nazielewa.

Kilichonituliza zaidi ni kujifunza jinsi watu wa jimbo hili walivyoutengeneza usiku huu kwa mikono yao. Kaskazini mwa Minneapolis, jiji pacha la Saint Paul, kuna mji mdogo uitwao Anoka. Wenyeji husimulia kwamba zamani vijana wa mji huo walikuwa wakifanya ukorofi usiku wa Halloween, wakiangusha vyoo vya nje, wakipaka sabuni madirishani na kuwafungulia ng'ombe, hata watu wakaamka asubuhi na kuwakuta wakizurura katika barabara kuu. Mwaka 1920 wazee wa mji, badala ya kutafuta viboko, waliandaa maandamano ya watoto, wakawapa vitu vitamu na kuwasha moto mkubwa wa kuota pamoja. Maandamano hayo yanaendelea hadi leo, na Anoka inajiita mji mkuu wa Halloween duniani. Tumekwenda mara mbili. Sipendi kelele zake zote, lakini napenda uamuzi wa wazee wale, wa kulijibu kosa la watoto kwa kuwakaribisha.

Sasa naeleza jinsi tunavyoiadhimisha. Jambo la kwanza mzazi wa Minnesota analojifunza ni kununua vazi kubwa kuliko mtoto, ili koti la baridi liingie chini yake. Majirani wenye umri hawachoki kusimulia Halloween ya mwaka 1991, theluji ilipoanza kuanguka mchana wa siku hiyo na kuendelea hadi tarehe 3 Novemba, ikafikia zaidi ya sentimita 70 katika miji hii miwili, na bado watoto walitoka. Miaka miwili iliyopita binti yangu alikataa mabawa ya kipepeo niliyomnunulia na kusema anataka kuwa bibi yake wa Muheza. Nilimfunga kanga juu ya koti, nyingine nikamtanda kichwani, nikampa kikapu cha ukili. Kanga ile ilikuwa na jina "Mgeni njoo mwenyeji apone", na katika kila baraza tuliyopanda watu waliuliza maandishi yale yana maana gani. Binti yangu aliyaeleza kwa Kiingereza, vizuri kuliko ambavyo ningeyaeleza mimi, na nilipompigia mama simu na kumsimulia, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama mtoto alikuwa amefunikwa vya kutosha.

Kisha kuna boga, na hapa Mhariri utanisamehe nikikaa kidogo. Waireland walikuwa wakichonga taa zao za usiku huo katika tanipu, mboga ya mzizi inayofanana na figili. Walipohamia Marekani walilikuta boga, zao la asili la bara hili, kubwa na rahisi kuchimbwa, wakahamishia desturi yao humo. Mwezi mzima wa Oktoba ngazi za nyumba zetu hujaa maboga ya rangi ya machungwa, nami kila nikitazama barabara nakumbuka magunia ya machungwa yaliyopangwa kando ya njia kwetu Muheza. Mwanzoni nilisikitika mno kuona chakula kinachongwa macho na meno, kisha kinatupwa. Baadaye nilijifunza kwamba maboga ya kuchonga yana nyuzi nyingi na maji mengi, na kwamba kuna maboga madogo ya kupikwa yenye nyama nzito na tamu. Hayo ndiyo ninayoyapika kwa tui la nazi, sukari kidogo na iliki, na sufuria hiyo huwa mezani tangu saa kumi jioni. Mbegu tunaziosha, tunazikausha na kuzikaanga kwa chumvi. Mama yangu alizitwanga na kuziunga katika mboga, na sehemu fulani humwekea yeye ninapopata msafiri.

Isitoshe, tangu mwaka wa tatu napanda maboga yangu mwenyewe, na sababu ni msusa, yaani mboga ya majani ya boga. Majirani walinitazama kwa mshangao nilipokuwa nikichuma majani machanga na kumenya nyuzi zake, kwa kuwa kwao boga ni tunda tu. Kabla sakitu haijaanguka, mwishoni mwa Septemba, huwa nachuma yote yaliyobaki, nayachemsha na kuyagandisha katika jokofu, kwa sababu baada ya usiku mmoja wa baridi yote huwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama yule aliyenisalimu "Kamwene" sasa huja na kisu chake, tukachuma pamoja. Yeye alikwisha kuula msusa kule Iringa, akidhani ni mboga isiyopatikana kwao.

Ng'ambo ya barabara yetu inaishi familia ya Kisomali ambayo taa yao huzimwa usiku huo. Nimewafundisha wanangu kwamba taa iliyozimwa nayo ni jibu, tena jibu la heshima, na kwamba hatupiti hata kwenye ngazi zao. Jumamosi inayofuata mume wangu na watoto huchukua reki na kwenda kuwasaidia kukusanya majani, nao huja kwetu kwa kazi hiyohiyo, na Idi inapofika wanangu ndio wa kwanza kupiga hodi mlangoni pao. Dada yule wa Kisomali huwapa noti mpya za dola moja moja, na kwa mara ya kwanza alipofanya hivyo ilinibidi nimweleze kwa nini nimeshindwa kuzungumza.

Mwaka jana tuligonga milango 43, na kati ya hiyo nilijua majina ya wenyeji wa milango 31. Jua tarehe hiyo huzama karibu saa kumi na mbili jioni, kama kwetu, na hiyo ni faraja ya siku chache tu, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma na giza huanza kuingia kabla ya saa kumi na moja. Baada ya hapo baraza zinabaki tupu hadi Aprili, na mtu ambaye hukumjua Oktoba huwezi kumwomba koleo la theluji Januari.

Kwa msomaji aliyefika huku mwaka huu na hajui afanye nini, namwambia aliyoniambia jirani yangu. Kama dhamiri yako haikuruhusu, zima taa ya nje, hakuna atakayekulaumu. Kama inakuruhusu, iwashe, nunua peremende zilizofungwa, na weka kando penseli au vibandiko kwa watoto wasioweza kula kila kitu. Ukiona boga lililopakwa rangi ya buluu ya kijani kwenye ngazi, desturi iliyoenea nchini kuanzia mwaka 2014, ujue nyumba hiyo imewaandalia watoto hao. Kashata zako pika, lakini ziache ndani, mezani, kando ya chai. Zangu sasa ni za nazi, na ifikapo saa mbili usiku, watoto wakiwa wamekaa chini wakibadilishana walichopata, wazazi wao huvua viatu na kuja kuzitafuta.

Mama wa watoto wawili,
Saint Paul, Minnesota