Ukiniuliza Uanze na Kitabu Gani

Watu wakishajua kuwa una kabati la vitabu, swali lao huwa moja: kitabu gani kimewashinda wenziwe katika vilivyoandikwa na Wazanzibari? Mimi silijibu. Namuuliza aliyeniuliza anapata nafasi ya kusoma wakati gani, kitabu cha mwisho alichokimaliza ni kipi, na akikaa mbele ya televisheni anafuatilia tamthilia za namna gani. Akishanijibu ndiyo nafungua kabati. Hapa Wete, Pemba, nimeingia nyumba nyingi zenye riwaya nzurinzuri zimepangwa juu ya fremu ya mlango, ukurasa wa ishirini umekunjwa sikio, na mwenyewe hajarudi tena. Kwangu kitabu cha kumpa mtu ni kile atakachokimaliza, kisha aje kunigongea mlango kudai kingine.

Kwa hiyo msinihukumu kuwa fulani nimemtanguliza na fulani nimemweka nyuma. Nawaeleza ninavyovigawa vitabu na sababu zangu.

Mtu ambaye hajagusa riwaya tangu atoke skuli nampa Muhammed Said Abdulla, na hapo sina mjadala. Huyu ni mzaliwa wa Makunduchi, 1918, na alifanya kazi ya magazeti kabla riwaya hazijamtoa jina. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikachapishwa 1960. Mtu anakutwa ameuawa mzimuni, na humo ndimo anamotokea Bwana Msa na kiko chake, akifuatana na sahibu yake Najum. Aliyesoma habari za Sherlock Holmes atajua Bwana Msa kachota wapi. Lakini watu wenyewe ni wa kwetu. Wanaamkiana kwanza, wanaulizana hali za nyumbani, wanatupiana mafumbo, wanazunguka weee, halafu ndiyo mtu anasema kilichomleta. Kwa mtu aliyekulia barazani, mazungumzo yale hayana tabu hata kidogo. Anayafuata bila kujijua kuwa anasoma.

Baada ya hicho mpe Kisima cha Giningi, cha 1968. Sisi Wapemba jina la Giningi, mji wa wachawi wa hadithi, tumetishwa nalo tangu utoto, basi mtu akiliona tu kwenye jalada mkono unakwenda wenyewe. Kisha ndiyo Duniani Kuna Watu, na Siri ya Sifuri. Kosa la Bwana Msa, kilichotoka 1984, kiweke mwisho, maana utamu wake ni kwa aliyekwisha kumzoea huyo bwana na majivuno yake.

Na hivi vitabu visomwe kwa sauti. Nalisema hili kwa sababu nimelijaribu msimu wa karafuu, na tangu hapo sijaliacha. Jioni karafuu zikirudi kutoka shambani lazima zichambuliwe, kwani asubuhi zinatakiwa ziwe juani. Watu wanakaa kwenye majamvi kuizunguka chungu ya karafuu, kila mmoja anachukua kishada, anakisukuma kiganjani, karafuu zinamwagika huku na makonyo yanatupwa kule. Mikono ina kazi, masikio hayana. Nikachukua Mzimu wa Watu wa Kale, taa ikasogezwa karibu yangu, nikaanza. Mwanzo walinisikiliza kwa adabu tu. Nilipofika kwenye mahojiano, bibi mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu magharibi akasimamisha mkono. "Hebu rudia hapo, mwanangu. Kasema alitoka saa ngapi?" Nikarudia. "Muongo huyo," akasema, na kishada kikaendelea. Bibi yule hajui kusoma herufi za kizungu, Kurani anaisoma vizuri. Usiku uliofuata walikuja na majirani, na karafuu zikaisha mapema kuliko kawaida.

Kama nyumbani kwako hakuna karafuu, kuna kukuna nazi, kuna kuchagua mchele, kuna boti ya kwenda Unguja ambayo baharini simu hazishiki. Njia ni nyingi.

Sasa nije kwenye vitabu ambavyo wengi wetu tumeharibiwa na mtihani. Mwambie kijana aliyemaliza kidato cha sita asome Kuli au Vuta N'kuvute, vya Shafi Adam Shafi, atakwambia keshavisoma. Ukimuuliza vizuri utagundua alichosoma ni kijitabu cha uhakiki: dhamira tano, ujumbe, falsafa ya mwandishi, ufaafu wa jina la kitabu. Yasmin wa Vuta N'kuvute anamjua kuwa "amechorwa kama mwanamke jasiri". Hajamuona Yasmin mwenyewe, kisichana cha Kihindi kilichoozwa kwa Raza mwenye duka, mtu wa kumzaa, kikatoroka kikaingia mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, kwa Mwajuma, na huko ndiko kikakutana na Denge na siasa zake za kuwang'oa Waingereza. Mimi nawaambia vijana hao wakae miaka michache, halafu wakichukue tena kitabu chenyewe bila kalamu mkononi. Kumbi za ngoma, chumba cha Mwajuma kilivyo finyu na kilivyo na furaha, makachero wanavyovizia vichochoroni: hayo hayaingii kwenye majibu ya mtihani, na ndiyo kitabu. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nayo itazameni, lakini msitangulize filamu. Inapita haraka sana pale ambapo kitabu kinakaa.

Shafi Adam Shafi ana faida nyingine. Ukizisoma riwaya zake kwa kufuata matukio, wala usijali mwaka wa kuchapishwa, unapata Zanzibar ya karibu miaka thelathini kutoka chini, walipo watu wa kawaida. Anza na Kuli, ambamo Rashidi anaingia kazi ya bandarini na tunafikishwa kwenye mgomo wa makuli wa 1948. Fuatisha Vuta N'kuvute, ya wakati wa kupigania uhuru. Kisha Kasri ya Mwinyi Fuad, ya ubwanyenye wa mashamba na Mapinduzi ya 1964. Malizia na Haini, inayotupeleka kwenye kukamatwa kwa watu baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe aliwekwa ndani kipindi hicho, na inaonekana. Haini usimpe mtu mwenye huzuni zake. Kurasa za jela zile ni nzito.

Katika hizo nne, Kasri ndiyo naona haitendewi haki. Watu wanaiona ya siasa tu, mabwana wabaya na wakulima wazuri, na kweli kuna mahali mwandishi anahubiri. Lakini msome Kijakazi. Mama mtu mzima aliyetumika katika kasri maisha yake yote, na ambaye hata minyororo ilipokatika moyo wake bado unamlilia bwana wake. Watu wa namna hiyo wamekuwepo, na si wengi waliothubutu kuwaandika bila ya kuwacheka.

Said Ahmed Mohamed ni wetu wa visiwani, kazaliwa 1947, na ndiye anayenipa kazi zaidi kumgawa kwa sababu hana sura moja. Kuna yule wa mwanzo, wa Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu, ambaye mtu yeyote anaweza kumsoma. Utengano ya 1980 nampa mzazi mwenye watoto wa kike. Bwana Maksuudi ni mtu wa heshima mjini, anataka kura, na ndani ya nyumba yake mke na binti wamefungiwa wasione jua. Mambo anayoyafanya nje ndiyo yanayomrudia mlangoni. Binti huyo, Maimuna, anatoka, na anakotokea ni kubaya, na mwandishi hamwonei haya msomaji. Akina baba wawili watatu waliorejesha kitabu hicho kwangu hawakutaka kukizungumzia. Nikajua wamekisoma.

Halafu kuna Said Ahmed wa baadaye, wa Babu Alipofufuka na Dunia Yao. Hapo wafu wanatembea, wakati unakwenda mbele na nyuma, na msimulizi anaweza kukuacha njia panda akaenda zake. Mimi Babu Alipofufuka naipenda sana. Kumkabidhi mtu kama kitabu chake cha kwanza ni kumfukuza. Asubiri. Anayetaka kumwonja kwa haraka aanze na hadithi zake fupi, au tamthilia ya Kitumbua Kimeingia Mchanga, inayomalizika kwa mkao mmoja.

Nimekiweka kando kwa makusudi kitabu ninachokipenda mimi, kwa kuwa nikianza nacho siachi. Ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976. Rehema ni binti wa mwenye mashamba, lakini rangi yake haikuwaridhisha watu wa nyumba ya baba yake, na mambo yanayomfika yanaanzia hapo. Baadaye yumo Sulubu, mkulima, na kipande cha ardhi cha Ramwe wanachokifyeka kwa mikono yao. Kiswahili cha kitabu hiki kinaliwa kama halua, kidogo kidogo na kahawa chungu pembeni. Ukikifakamia kitakukinai. Kuna sentensi nimezirudia nikiwa nimesimama jikoni, sufuria linaungua. Maneno mengine ya mashamba humo watoto wa leo hawayajui. Wakae na mtu mzima akiwasomea, wala wasikimbilie kamusi kila mstari, maana raha yote itakatika.

Kama halua nzima ni nyingi kwako, yupo huyohuyo na Kiu, ya 1972, nyembamba na chungu. Idi anampenda Bahati, au tuseme anaipenda njia ya kufikia mali ya mzee Mwinyi. Nimeshawapa wasichana kadhaa waliokuwa wanataka "kitabu cha mapenzi". Mmoja alinirudishia kwa hasira, akaniuliza kwa nini sikumwambia mwisho wake. Wiki iliyofuata akaja kuchukua Nyota ya Rehema.

Waandishi wanawake wa visiwani hawatajwi vya kutosha, na wauza vitabu wanachangia. Ukiuliza unaoneshwa majina yaleyale ya wanaume. Ulizia Zainab Burhani, Mwisho wa Kosa, ya 1987. Ulizia Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwi, iliyopata Tuzo ya Mabati-Cornell ya uandishi wa Kiswahili. Wanawake wenzangu ninaowapa hivi wanavimaliza haraka kuliko vyote nilivyotaja hapo juu, maana mambo ya ndani ya nyumba yameandikwa na mtu aliyekaa ndani.

Kwa ushairi nitakuwa mfupi, kila mtu na sikio lake. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetutoka 2021, katuachia Kimbunga. Shairi lililokipa kitabu jina lake lisome mbele ya watu watatu, halafu uliza kimbunga chenyewe ni nini. Mtakesha. Vijana walioko ng'ambo na wanaotamani nyumbani nawatumia N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, mtoto wa Pemba anayeandika akiwa ugenini. Hicho nacho kilipata tuzo hiyohiyo, 2015.

Halafu Abdulrazak Gurnah. Tangu apate Nobel 2021 kila mtu anamtaja na wachache wamemsoma, na siwalaumu, vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza. Sasa kisingizio kimepungua: Paradise, riwaya yake ya 1994, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na inaitwa Peponi. Mtoto Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, akaja kufuata msafara mpaka bara ya mbali. Nampa mtu aliyekwisha kusoma Shafi na Said Ahmed. Huyo atasikia mara moja kuwa Gurnah kakulia mitaa ileile, ila kaondoka akiwa kijana na amekuwa akiitazama kutoka mbali.

Kuvipata ndiyo kazi. Vile vinavyosomeshwa skuli vipo madukani, kwa sababu vina soko. Vingine inabidi umwagizie mtu anayekwenda Dar es Salaam, na umwandikie jina la kitabu na la mwandishi kwenye karatasi, maana atauziwa chochote. Kabla ya kutoa pesa pitieni maktaba, ya Maisara kwa walioko Unguja na ya Chake Chake kwa sisi wa huku. Mna nakala za zamani humo ambazo wenye maduka hawajawahi kuziona.

Na ukianza kuazimisha, weka daftari. Andika jina, kitabu na siku, mbele ya mwenyewe, hata awe shemeji yako. Mkopeshe kimoja kimoja, cha pili akipate cha kwanza kikirudi. Kitabu kilichoadimika, kama Duniani Kuna Watu yangu yenye jalada la gundi, hakitoki nje ya mlango: anayekitaka aje, nitampa kiti na chai ya mdalasini, akisomee hapahapa.