Maswali yenu kuhusu ushoroba wa kijani mitaani, yaani ukanda wa miti na majani wa kupitisha wanyama kutoka eneo moja la kijani hadi jingine

Tuna kijisitu upande huu na bwawa upande ule, katikati nyumba tupu. Tunaanzia wapi?

Fuateni maji. Kijito, bonde, hata ule mtaro wa mvua mnaoulalamikia kila siku, maana bondeni watu hawajengi sana na wanyama walishaanza kupita huko zamani bila kumuuliza mtu. Halafu angalieni chini ya laini kubwa za umeme na reli zilizokufa. Mkishachora ramani tembeeni kwa mguu, tena asubuhi baada ya mvua, nyayo kwenye matope zitawaambia ukweli. Ramani inaonyesha kijani kitupu, ukifika unakutana na ukuta.

Upana uwe mita ngapi?

Namba moja ya kila mahali haipo. Kando ya mto mita 30 kila upande ni kianzio kinachotajwa sana, ila panapopatikana zaidi chukueni. Shida ya ukanda mwembamba ni kwamba wote unakuwa ukingo: jua kali, upepo, paka wa majumbani, magugu vamizi. Kama hamna upana basi tengenezeni vijisitu vya kupumzikia njiani, ndege na vipepeo vitawafaa, chura hapana.

Barabara kubwa inakata katikati, kibao cha "wanyama wanavuka" si kinatosha?

Hakitoshi jamani! Hapa ndipo mipango mingi inafia, watu wanapanda miti kilomita tatu halafu mita ishirini za lami zinaua kila kitu. Angalieni kalavati lililopo kwanza. Likijaa maji muda wote wekeni kingo kavu ndani yake mnyama apite, na nje fensi ya kumwongoza mpaka mlangoni, maana bila fensi atavukia popote. Kule Banff, Kanada, fensi pamoja na madaraja ya wanyama vilipunguza ajali za magari na wanyama kwa zaidi ya asilimia 80, na dubu wengine walichukua miaka kuyazoea, kwa hiyo msikate tamaa mwezi wa pili.

Tunataka njia ya baiskeli na taa humo humo.

Sawa, bila watu kufaidika hakuna atakayeutetea siku eneo likitamaniwa. Ila njia ipite pembeni, isipasue katikati. Taa ziwe fupi, za njano, zimulike chini na zizimwe usiku ukikomaa, popo wengi wanakimbia mwanga.

Majirani wamegoma kutoa ardhi.

Msiombe ardhi, ombeni tundu. Uingereza watu wanakata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya fensi, kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, anapita bustani hadi bustani na hati ya kiwanja haijaguswa. Mwenye ukuta wa tofali anatoa tofali moja tu, na ukianza na wa kwako jirani atakuja mwenyewe kuuliza hilo tundu la nini.