Mtoto wangu ni Joka au Nyoka? Hesabu za kalenda ya Kitibeti

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Naishi Mysuru, India, mume wangu yuko masomoni huku na mimi naandika programu za simu. Mwanetu alizaliwa 14 Februari 2025. Jirani yetu, Mtibeti wa Bylakuppe, anashikilia kwamba mtoto ni wa mwaka wa Joka, ila kila tovuti ninayofungua inaniambia ni Nyoka. Nikaazima kalenda yao ya ukutani, nayo ikanichanganya zaidi: tarehe moja haimo kabisa, nyingine imeandikwa mara mbili. Nataka kutengeneza programu ya kubadilisha tarehe. Je, nichukue kalenda ya Kichina nibadilishe majina tu?

JIBU: Hongera kwa mtoto, dada. Jirani yako yuko sahihi na kalenda yake haina kosa. Tovuti hizo zimekupa mwaka wa Kichina. Wachina waliingia mwaka wa Nyoka tarehe 29 Januari 2025. Kwa Watibeti, Losar, yaani mwaka mpya wao, ilikuwa 28 Februari. Mwanao kazaliwa katikati ya tarehe hizo mbili, kwa hiyo kwa Kitibeti ni Joka la Mti.

Chanzo cha mwanya huo ni mwezi wa ziada. Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Kiislamu inaliacha pengo hilo kama lilivyo, ndiyo maana Ramadhani inazunguka misimu yote. Wachina na Watibeti wao huongeza mwezi wa 13 mara kwa mara, ila kila mmoja kwa kanuni yake. Kanuni ya Kitibeti ni uwiano mmoja: miezi 65 ya jua ni sawa na miezi 67 ya mwandamo. Safari hii Watibeti waliuweka mwezi wa ziada ndani ya mwaka wa Joka, Wachina wakauweka ndani ya mwaka wa Nyoka. Kwa hiyo mwaka 2025 waliachana mwezi mzima, na 2026 wakakaribiana tena: Wachina 17 Februari, Watibeti 18.

Siku hiyo moja iliyobaki nayo ina sababu yake, na hapo ndipo penye jibu la zile tarehe zinazoruka. Watibeti wanaugawa mwezi mwandamo, kuanzia pale mwezi unapokutana na jua angani, katika sehemu 30. Kila sehemu ni muda ambao mwezi unalitangulia jua kwa digrii 12, wastani wa saa 23 na dakika 37. Lakini mwezi hauendi kwa kasi moja, kwa hiyo sehemu nyingine hupungua hadi karibu saa 22, nyingine hupita saa 25. Siku ya kawaida, ambayo kwao huanza alfajiri na si magharibi, hupewa namba ya sehemu iliyopo alfajiri hiyo. Sehemu fupi ikianza na kuisha kati ya alfajiri mbili, namba yake haipati siku: hiyo ndiyo tarehe isiyokuwamo, wanaiita chad. Sehemu ndefu ikikutwa na alfajiri mbili, namba yake inarudiwa: hiyo ni lhag. Tarehe 17 Februari 2026 mwezi na jua vilikutana saa 11 na nusu jioni kwa saa za India. Mchina anahesabu siku ya kukutana kwenyewe. Mtibeti anasubiri alfajiri inayofuata.

Kwa programu yako kuna kipimo kizuri cha kujikagua. Mwaka wa Joka ulianza 10 Februari 2024 ukaisha 27 Februari 2025: siku 384. Miezi 13 mara tarehe 30 ni 390. Basi ukitoa tarehe zilizorudiwa kwenye zilizorukwa, lazima zibaki 6. Usipopata 6, rudi kwenye msimbo wako.

Mtego mkubwa ni huu. Utashawishika kuchukua fomula za kisasa za mwendo wa mwezi, zile sahihi hadi sekunde, halafu utumie kanuni ya alfajiri. Utakosea. Tarehe 28 Februari 2025 mwezi na jua vilikutana saa 12 na robo asubuhi kwa saa za India, na huko Lhasa, Tibet, alfajiri ilikuwa imeshapita. Fomula za kisasa zitakupa Losar ya tarehe 1 Machi, wakati watu walikuwa wameshakula na kunywa tangu jana yake. Kalenda hii haichungulii mbingu. Ni hesabu iliyotoka kwenye mafundisho ya Kibuddha ya Kalachakra kutoka India, na mtindo unaotumika zaidi, wa Phukpa, ulipangwa mwaka 1447. Tumia hesabu zenyewe za Phukpa, pamoja na makosa yake.

Nayo makosa yapo. Kwa mwezi mwandamo walipatia vizuri mno: urefu wa wastani waliouweka ni siku 29.530587, unaolingana na wa leo hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Jua ndilo lililowaponyoka. Ule uwiano wa 65 kwa 67 unatoa mwaka wa siku 365.2706, mrefu kuliko mwaka wa majira kwa dakika kama 41. Kwa miaka 35 hiyo ni siku nzima, hivyo Losar inasogea polepole kuelekea majira ya joto.

Wanajimu wa zamani walifanya haya yote kwenye ubao uliotandazwa vumbi, wakiandika kwa kijiti na kufuta kadiri hesabu inavyosonga. Siku waliigawa mara 60, kisha mara 60 tena, kisha mara 6, na kipande hicho wakakiita pumzi: pumzi 21,600 kwa siku, sekunde 4 kila moja. Kwenye msimbo hifadhi vipande hivyo kama namba kamili. Ukitumia desimali, siku moja itakuangukia upande usiofaa wa alfajiri na hutajua kwa nini.

Jina la mwaka ni rahisi. Mizunguko ya miaka 60 inahesabiwa kuanzia 1027, na tuko kwenye wa 17, ulioanza 1987. Wanyama ni 12. Mti, moto, udongo, chuma na maji hukaa miaka miwili miwili, wa kwanza dume, wa pili jike. Usisahau tu kuangalia Losar kwanza kabla ya kutoa jina.

Kuhusu nyota ya mtoto, jirani atakusomea afya, bahati na siku zake nuksi kwa kutumia mnyama huyo. Mimi hapo nanyamaza: mwendo wa mwezi unapimika, tabia ya Joka sijawahi kuona ikipimwa.

Andika wazi kwenye programu kwamba ni Phukpa, kwa sababu mtindo mwingine wa Kitibeti, wa Tsurphu, na kalenda ya Bhutan hutofautiana nao mara nyingine. Halafu ijaribu kwa Losar hizi: 3 Machi 2022, 21 Februari 2023, 10 Februari 2024, 28 Februari 2025 na 18 Februari 2026.