Mjomba anabana pumzi, mie naambiwa nisibane

Maswali yenu kuhusu bahari, anajibu mzamiaji wetu wa Nungwi

Haya jamani, tangu tutoe zile picha za matumbawe ya Mnemba, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, simu yangu haijapumzika, wengine mnauliza bei (bei ulizeni wenye boti, mie sipangi), wengine mnauliza mambo ya maana kabisa. Nimechagua sita. Moja nimelijibu kwa urefu kuliko mengine maana linahusu uhai wa mtu, mnisamehe.

*Habari za kazi kaka. Nimezaliwa na kukulia Mwanza, ziwa liko mlangoni lakini kuogelea sijui, utotoni tulitishwa mamba, kichocho na nini, basi maji tukayaangalia kwa mbali. Mwezi wa 12 naoa, na mchumba wangu anataka twende Unguja tukaone samaki wa kwenye matumbawe. Je, nitaaibika? — Bwana harusi mtarajiwa, Mwanza*

Huaibiki bwana harusi. Kwanza jua maji ya chumvi yanakubeba kuliko maji ya ziwa lenu, na snokeli si kuogelea hasa, ni kulala kifudifudi juu ya maji umevaa laifu jaketi, unatazama chini na unapumua kwa mdomo kupitia bomba. Kazi ngumu ni hiyo ya kupumua kwa mdomo na uso uko majini, kichwa kinakataa, mtu anainuka anakohoa. Kwa hiyo usianzie kwenye boti. Siku ya kwanza ingia maji ya kiunoni, sehemu ya mchanga, piga magoti, tia uso tu, pumua dakika tano bila kwenda popote. Bi harusi akikucheka mwache acheke.

Miwani ijaribu kabla hujalipa: ibandike usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ikikaa yenyewe ni yako, ikidondoka rudisha. Kama una masharubu mazito maji yatapenya tu, sasa hapo chagua mwenyewe, harusi au samaki. Vioo viteme mate, sugua, suuza, havitaingia ukungu, hiyo dawa haijapata mpinzani. Na vaa fulana ya mikono mirefu, maana mgongo ndo unaoangalia jua saa nzima na we hujui mpaka usiku shuka likikugusa.

La mwisho, muulize nahodha maji yako vipi. Bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakimbia sana na mara nyingi yanachafuka, maji mafu yametulia, yaani ile wiki mwezi uko nusu angani. Ukipata maji mafu na upepo wa kaskazi haujakaza, Mnemba utaona hadi chini kama unatazama kwenye bilauri. Ukichoka shika boya au lala chali, usisimame juu ya matumbawe hata yakionekana kama jiwe la kufulia. Kuhusu kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, kozi yenyewe inakudai uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika kumi, kuna ile ya kujaribu na mwalimu pembeni yako isiyozidi mita 12, wapo wanaowapeleka watu wasiojua kuogelea, mie siwapeleki. Jifunze kwanza, bahari haihami.

*Sasa mzee. Mjomba wangu huku Shimoni amezamia pweza na kamba tangu hajaoa, anajaza kifua anabana pumzi anashuka, akimaliza anapanda kama mshale na hajawahi kuumwa hata kichwa. Mimi nimeanza kozi ya mtungi na kitu cha kwanza nimeambiwa nisibane pumzi hata siku moja na nipande polepole. Nikimwambia ananicheka ati nimefunzwa uoga. Nani yuko sawa? — Kijana wa Shimoni, Kwale*

Mwanangu, mko sawa wote wawili, na hapo ndo penye hatari, maana ukichanganya sheria ya mjomba na mtungi wako tunakuzika.

Sikiliza. Juu hapa tunabebwa na uzito wa hewa mmoja. Ukishuka mita 10 unakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu, hivyo hivyo. Mjomba anajaza kifua chake juu, tuseme lita 6, akifika mita 10 zile lita 6 zimeminywa zimekuwa 3, akirudi juu zinafunguka zinakuwa 6 zile zile alizoondoka nazo. Hakuongeza kitu njiani, kifua hakipasuki. We na mtungi unafika mita 10 na kule kule chini unavuta hewa inayokujaza kifua lita 6 nzima, ile reguleta, kifaa cha mdomoni cha kupumulia, inakupa hewa yenye mgandamizo sawa na maji yaliyokuzunguka, si ndo kazi yake. Sasa shtuka, bana pumzi, panda kama mshale wa mjomba: zile lita 6 zinataka kuwa 12. Kifua chako hakina nafasi ya lita 12. Mapafu yanachanika, hewa inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo. Na usidhani ni lazima utoke mita 10, kifua kikiwa kimejaa hata mita moja na nusu karibu na juu inatosha kuleta balaa. Ndo maana unaambiwa pumua, pumua, pumua, hata reguleta ikikutoka mdomoni toa vipovu kidogo kidogo mpaka uirudishe.

Hiyo moja. Ya pili ni hiyo polepole. Mtungini mna hewa hii hii tunayovuta, watu wanasema mtungi wa oksijeni, si kweli, karibu asilimia 79 ni naitrojeni. Ukikaa chini na mgandamizo naitrojeni inayeyuka mwilini kama gesi ndani ya soda. Fungua soda polepole inalia pssss inatulia, ifungue kwa pupa uone mezani pakoje. Ukipanda kwa pupa hayo mapovu yanafanyika kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo usizidi mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 simama dakika tatu maadamu hewa inatosha, hata kama njaa inauma. Mjomba anashuka dakika moja au mbili, hana muda wa kulimbikiza naitrojeni ya kumdhuru, basi.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu huku visiwani na pwani wapo vijana walipewa mitungi bila mafunzo wakazamie majongoo ya bahari, kina kirefu, mara nyingi kwa siku, wanapanda wanashuka, jioni mtu miguu haimtii na mtaani wanasema kapigwa na jini wa mwamba. Hakuna jini pale. Tiba yake ni oksijeni haraka na chumba maalumu cha mgandamizo, na kila saa inayopotea inaponza.

Lakini nisimuache mjomba ashinde bure, naye ana hatari yake. Muulize kama kabla ya kuzama anapumua haraka haraka mara nyingi ili akae zaidi chini. Kama ndiyo, mwambie aache. Ile haimwongezei hewa ya maana, inaondoa tu ile kaboni daioksaidi inayomwambia panda juu sasa. Anakaa chini raha mustarehe, akipanda oksijeni inashuka ghafla, anazimia mita mbili tatu kabla ya kufika juu, bila kelele. Wazamiaji hodari ndo wanaokufa hivi, wageni wanakuwa wameshaogopa wakapanda zamani. Azamie na mwenzake, mmoja chini mmoja juu anatazama.

Na masikio yako yasawazishe mapema, bana pua puliza taratibu kila mita kabla hayajauma, yakikataa panda kidogo. Mie nlipasua sikio la kushoto nna miaka 16 nikimfukuza pweza, nna mafua, nikijifanya mwanamme. Pweza aliingia pangoni, sikio halijarudi sawa mpaka leo, ukiniita kwa kushoto niite mara mbili.

*Assalaam aleikum. Niko Muscat, natarajia kuja likizo nyumbani Unguja, nataka nizamie asubuhi ya siku ya mwisho halafu jioni nipande ndege. Huku nimeshazamia visiwa vya Daymaniyat kwa hiyo si mgeni. — Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hapana. Jibu lingeweza kuishia hapo, lakini nieleze: ndani ya ndege hewa ni nyepesi kuliko ya chini, ni kama kuendelea kupanda juu wakati soda yako haijatulia. Kwa mzamo mmoja ngoja angalau saa 12, kwa mizamo mingi saa 18, mie nawaambia wageni wangu siku nzima ili tusihesabiane. Hata kile kindege kidogo cha kwenda Dar cha dakika ishirini ni ndege, msinidanganye. Siku ya mwisho fanya snokeli ya juu juu au kakae Forodhani ule urojo.

*Mimi ni mwalimu wa sayansi Dodoma, bahari nimeiona mara mbili tu. Wanafunzi wameniuliza matumbawe ni mawe, mimea au wanyama, nikasema tutajibu kesho, na hiyo kesho ina wiki ya tatu sasa. — Mwalimu, Dodoma*

Mwalimu, waambie yote matatu na hutakuwa umedanganya sana. Mwenyewe ni mnyama, kidubwana kidogo chenye mdomo uliozungukwa na vidole vya kukamatia chakula, ndugu yake ni konyeza, wengine mnamwita yavuyavu. Hawa wanaishi maelfu pamoja, na chini yao wanajijengea nyumba ya chokaa, hiyo ndo jiwe lenyewe, na ndo hilo jiwe lililojenga Mji Mkongwe na misikiti ya zamani ya pwani yote. Ndani ya nyama ya mnyama kuna vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyotengeneza chakula kwa jua, mwenye nyumba anapata chakula, mpangaji anapata pa kukaa. Na rangi nyingi unazoziona ni za mpangaji.

Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa wanagombana, mpangaji anafukuzwa, tumbawe linabaki jeupe. Hapo bado halijafa, lina njaa, joto likishuka mapema wanarudiana, likichelewa ndo basi. Ilitokea vibaya sana mwaka 1998, ikarudi 2016, ikarudi tena 2024. Mwaka 1998 nlikuwa na miaka 15, tulizama tukadhani mtu kamwaga chokaa mwamba mzima, wazee wakasema hawajaona kitu kama kile. Na matumbawe yale ya mviringo yanakua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukiona moja kubwa kama pipa, lishikie adabu, limemzidi umri babu yako.

Wanafunzi wakichoka na hayo wape habari ya pono. Tunasema mtu kalala usingizi wa pono, sasa pono mwenyewe usiku kweli analala fofofo, na wako wanaojifunika ute kama chandarua. Mchana anatafuna mwamba kwa mdomo wake kama koleo, anakula mwani, jiwe linasagika tumboni linatoka nyuma mchanga mweupe. Ule mchanga mzuri mnaopigia picha za fungate, sehemu yake kubwa imepitia tumboni mwa pono. Darasa halitalala siku hiyo.

*Naomba unisitiri jina. Mimi ni binti wa Tanga, navaa hijabu, nataka kuzamia lakini sitaki kuvaa nguo za kubana mbele za watu. Pia nimeambiwa ukiwa kwenye siku zako papa wanafuata. — Binti, Tanga*

Dada, vaa vazi la kuogelea la stara, ile suti ya kuzamia iende juu au chini yake, na ushungi uwe wa kuogelea unaobana kichwa, ule wa kawaida unainuka unafunika miwani. Omba mwalimu wa kike, siku hizi wapo Wazanzibari wenyewe. Habari ya papa ni hadithi, wazamiaji wanawake wanazama siku hizo kila leo. Ila ukiwa mjamzito mtungi uweke pembeni mpaka ujifungue, hapo sina utani.

*Tulienda Unguja na wafanyakazi wenzangu, mwongoza watalii akatuletea viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, tukapiga navyo selfi, wengine walirusha mkate samaki wakaja wengi sana. Mwenzetu mmoja akatugombeza. Je, kuna ubaya? — Msomaji, Dar es Salaam*

Mwenzenu mpeni salamu zangu. Kiti cha pweza anapata oksijeni majini, kwa vinyama laini vya mgongoni na vijiguu vyake vya chini, ukimtoa nje wewe ndo unambana pumzi, na watu ishirini wakipokezana kupiga picha hesabu mwenyewe ni dakika ngapi. Anarudishwa majini mnaona kazima, mnasema ametulia. Mwongozaji naye nnamuelewa, anatafuta bakshishi, mgeni akifurahi anaongeza, kwa hiyo wageni mkisema hatutaki ataacha siku hiyo hiyo. Ndo yale yale ya Kizimkazi, boti kumi zinamfukuza pomboo mmoja na watu wanarukia mbele yake, halafu mnashangaa anapiga mbizi haonekani.

Mkate nao, wale samaki wenye mistari watakuja kweli, watakuja hata kuwang'ata vidole, lakini wengine kazi yao ni kula mwani ili usifunike matumbawe, ukiwazoesha mkate wa boflo wanashinda chini ya boti wanasubiri. Mkate kuleni nyie na chai.