Dogo, achana na huo Usiku wa Nyota kabla haujakuumiza

Weka brashi chini kwanza. Hapo uliposema "nimeshaprinti A3, kesho naanza kupiga gridi" ndipo nilipokuwa mimi mwaka wa pili, na nilitoka na sapu (mtihani wa kurudia), bumu, yaani hela ya mkopo, limekwisha, na aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka kwenye daladala nageukia dirishani.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ni mwanafunzi wa uchoraji, mwaka wa kwanza. Kapewa projekti ya kuchora kazi inayotokana na msanii mwingine, kachagua Usiku wa Nyota wa Van Gogh, mchoraji Mholanzi, anataka kuinakili kiboksi kwa kiboksi (ndiyo hiyo gridi), na anauliza atumie rangi za mafuta au akriliki, kanvasi iwe ya ukubwa gani, rangi za bei nafuu zinapatikana wapi, na maelezo ya kazi ayaandikeje. Maswali ya mtu anayeuliza bei ya nauli wakati kapanda basi lisilo lake.

Mimi nilipandishwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mwenye ndevu za kisanii na kofia ya sufu hata kwenye joto la Februari. Akaniambia, "Dogo, piga Usiku wa Nyota, hiyo A haikwepeki." Akaniuzia seti yake ya rangi za mafuta kwa 60,000, nyeupe ikiwa imeshagandia kwenye mfuniko. Akanikodisha projekta usiku mmoja, 10,000. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba yeye mwenyewe aliichora picha hiyohiyo mwaka wake, akaambulia C. Yaani aliniuzia gari la ajali huku akinisifia injini. Kaka, kama uko humu na bado unavaa ile kofia, nyeupe yangu naidai.

Basi nikapakua picha mtandaoni, ya kwanza niliyoiona. Nikaenda kuiprinti steshenari, mashine yao wino ulikuwa unaishia, nyota zikatoka kijani kama ndimu. Nikazichora kijani. Nilidhani ndivyo zilivyo. Usiku nikaiangaza kwenye kanvasi kwa projekta, nikafuata kila mstari kwa penseli, halafu wiki sita nikawa najaza rangi, kiboksi kwa kiboksi, kama mtu anayejaza fomu ya mkopo. Mwalimu wa darasa alikuwa anapita kila Jumatano, mikono nyuma, anasema, "Inakuja, inakuja." Ilikuwa inakuja wapi, mwalimu?

Siku ya kutetea kazi kulikuwa na mtahini wa nje, mama mtu mzima, miwani imening'inia kwenye kamba. Akasimama mbele ya kanvasi yangu muda mrefu. Nikajua nimemaliza. Akasema taratibu, "Mwanangu, mwezi umehamia lini huku?"

Nikadhani ni swali la kifalsafa. Nikajibu, "Nimejaribu kuonyesha mwendo wa wakati."

Darasa kimya. Mama akatoa simu, akanionyesha picha halisi. Mti mrefu uko kushoto, mwezi uko juu kulia. Kwangu mti uko kulia, mwezi kushoto. Ile niliyoipakua mtu alikuwa ameigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, nami nikakaa nayo wiki sita bila kushtuka. Cheka tu, nimeshazoea. Nilipofika hosteli nilikuta wameshanipa jina: Kioo.

Lakini mwezi haukuniua. Mama alisema, "Tuuache mwezi. Hebu niambie, kwa nini brashi kwenye vilima inalala na kwenye mti inasimama?" Sina jibu. "Na kwenye nyota?" Sina. Mistari yote hiyo niliipitia mmoja mmoja kwa mkono wangu na sikuwahi kujiuliza inaelekea wapi. Akaomba kitabu cha skechi. Hapo ndipo nilipozikwa, maana skechi zote nilizichora usiku uliotangulia, kwa kalamu moja, nikabandika tarehe za kuanzia Machi hadi Aprili. Akafungua kurasa mbili tu. Skechi ya tarehe 3 Machi ilikuwa nzuri kuliko ya tarehe 10 Aprili, na zote mwezi uko kushoto. Akakifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Bora angenitukana.

Nikapata 38. Na sapu mnaijua, hata uchore kama malaika unapewa C.

Hela nilikuja kuzipata tena. Wiki sita hizo ndizo zinazoniuma, kwa sababu nilitoka na mkono uleule nilioingia nao. Ndiyo maana nimekurupuka kukujibu saa sita usiku.

Sasa sikiliza. Usiku wa Nyota ulichorwa Juni 1889, Van Gogh akiwa amelazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Kilichomwanzishia ni dirisha la chumba chake, lililotazama mashariki, alikokuwa anaona anga kabla jua halijachomoza. Kijiji kile hakikuonekana kutoka dirishani, alikiongeza mwenyewe. Kwa hiyo mwenzako alikaa dirishani kwake. Wewe unataka kwenda kukaa dirishani kwa mtu mwingine, tena kupitia printa ya steshenari.

Na usiniletee hoja ya kwamba hata Van Gogh alinakili. Najua alinakili. Mwaka 1887 alinakili picha za Hiroshige, Mjapani, na huko hospitalini akachora kazi za Millet, mchoraji Mfaransa, takribani ishirini, akiangalia karatasi zilizochapwa kwa nyeusi na nyeupe, rangi akaziweka za kwake. Kaka yake alimwandikia... samahani, yeye ndiye alimwandikia mdogo wake Theo, kwamba hiyo ni kama kutafsiri kwenda lugha nyingine, lugha ya rangi. Tafsiri inataka uelewe kwanza kilichosemwa. Mimi nilikuwa kasuku, tena kasuku aliyesikia kinyume.

Jambo jingine linalonichekesha hadi leo. Kule New York, kwenye jumba lilelile la makumbusho ya sanaa, MoMA, inakotunzwa Usiku wa Nyota, kuna usiku mwingine, umechorwa 1956 na mchoraji Sam Ntiro wetu wa Kilimanjaro: wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba moja! Wamarekani wameuhifadhi usiku wa Kichagga, sisi huku tunajazia viboksi usiku wa Ufaransa. Na Mzee Elimo Njau, wa Kilimanjaro pia, mchoraji na mwanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi, ndiye mwenye ule msemo kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Msemo huo niliukariri kwa mtihani wa nadharia, nikapata alama zote. Halafu nikatoka mlangoni kwenda kukodi projekta.

Kanuni yangu ni moja: mwibie mkono, usimwibie picha. Chukua kitu kimoja tu anachokifanya mkono wake, kimoja, si vitatu, ukipeleke kwenye kitu unachoweza kutembea kwa miguu ukakitazame.

Kwenye sapu sikuwa na hela ya rangi. Nilibakiwa na buluu, njano na kopo dogo la nyeupe niliyoomba, na nilikuwa nakaa Mbagala Rangi Tatu. Ndiyo, rangi tatu, Rangi Tatu, hata mimi niliona. Nikaenda na ubao wa hadbodi kwenye kibanda cha chipsi jirani, saa mbili usiku: balbu moja, jiko la mkaa, karai la mafuta, moshi. Siku ya kwanza karai langu lilitoka bapa kama sinia. Siku ya pili vilevile, na kaka wa chipsi akauliza kama nachora chapati. Nikarudi ndani nikaitazama ile picha ya Van Gogh (safari hii iliyosimama upande wake), na swali la yule mama likanirudia. Brashi inafuata umbo. Mti unapanda kama ndimi za moto, vilima vinaviringika, mwanga wa nyota unazungushiwa. Kesho yake nikazungusha brashi kwenye karai, vipande vifupi, kutoka ukingoni kuingia ndani, na likachimbika. Likawa na shimo! Moshi nikaupandisha mshazari kuelekea balbu. Tope la chini nikalilaza. Dakika tisini zile zilinifundisha kuliko wiki sita.

Tangu hapo kila projekti nilikwenda hivyohivyo. Kwa George Lilanga, msanii wetu mwingine, nilichukua ile mistari inayofunga miili mpaka inashikana, nikachora abiria wa daladala la saa kumi na mbili asubuhi, ambao wanashikana bila kuhitaji sanaa. Kwa Tingatinga nilichukua madoadoa na mandhari iliyopakwa rangi tambarare, lakini sikuchora chui, sijawahi kumwona chui. Nilimchora paka wa mama mwenye nyumba, mwizi wa dagaa. Hiyo ya paka ndiyo iliyonipa kazi ya kwanza ya kulipwa.

Mwaka wa mwisho walipozipanga zote ukutani, ile ya Kioo sikuileta. Mtahini alikuwa mama yuleyule. Akaangalia karai muda mrefu, akasema, "Hapa ndipo ulipoanza," akaenda kwa mtu mwingine.

Kuhusu mafuta au akriliki: mafuta ukiyapaka kwa unene yanachukua siku nyingi kukauka, yangu yalifika mbele ya mtahini na mbu watatu ndani ya anga. Tumia akriliki. Hayo mengine uliyouliza wenzangu watakujibu. Wewe kesho jioni toka nje na penseli, chora kitu kimoja cha hapo kwenu, kitupie kwenye uzi huu tukione.

Ile yangu ya Kioo mama yangu mzazi ameitundika sebuleni, juu ya runinga. Wageni wanaisifu sana. Juzi shemeji kaniambia anazipenda hasa zile nyota za kijani.