Barua ya daktari ya 1984 inauzwa Bombo

SWALI: Nilipigwa risasi pajani mwaka 1984 tukipigana msituni Luweero, hapa Uganda. Niliachishwa jeshi 1993. Mguu umefupika, sasa natembea na fimbo. Kuna kijana hapa anataka shilingi 400,000 anitengenezee barua ya daktari ya wakati ule, niingie kwenye akasiimo ya majeruhi nianze kulipwa kila mwezi. Nimpe? – Mstaafu, Bombo

JIBU: Usimpe hata mia, mzee wangu. Na kama kitambulisho chako cha taifa kiko kwake, kakichukue leo.

Akasiimo ni asante ya mara moja, nayo iliwekwa kwa raia waliowalisha na kuwaficha wapiganaji. Hailipwi kila mwezi, hata ukiwa na barua kumi. Wewe ulikuwa askari mwenye namba; njia yako inapita Wizara ya Ulinzi, upande wa pensheni.

Ila kinachonikera ni hiyo barua. Mzee mmoja aliniletea ya namna hiyo hapa ofisini. Karatasi ilikuwa imelowekwa kwenye chai ili ionekane kuukuu, tarehe ya Agosti 1984, na juu kabisa herufi nne: UPDF, jina la sasa la jeshi la Uganda. Jina hilo limekuja na Katiba ya 1995! Mwaka 1984 nyinyi mlikuwa NRA, jeshi la waasi la msituni. Nikampapasa mzee goti, mfupa kweli ulikuwa umeunga vibaya. Jeraha la haki, lakini karatasi ya wizi ilikuwa imeshawekwa kwenye faili, na tangu siku hiyo kila alicholeta kilitiliwa shaka, hata cheti chake halali.

Wastaafu wengi wanaamini kwamba bila karatasi ya zamani jeraha halihesabiki. Sivyo. Ulemavu hupimwa na bodi ya madaktari wanaokuangalia wewe, leo. Wanapiga eksirei, wanapima mguu umefupika kiasi gani na goti linakunja hadi wapi. Kovu peke yake halitoshi, na ukali wa vita haupimwi. Kinachotafutwa kwenye makaratasi ni kitu kingine: kwamba ulikuwa jeshini, na kwamba uliumia ukiwa kazini. Hapo ndipo namba yako ya jeshi, cheti cha kuachishwa na makamanda au wenzako walio hai wanaposaidia.

Angalia majina pia. Wengi mliingia msituni na jina moja, kitambulisho kikatoka na lingine. Na waliokuwa kadogo, yaani askari watoto, walitaja umri wowote uliowafaa. Hayo hunyooshwa kwa hati ya kiapo. Halafu, kama 1993 ulipewa pesa za kuachishwa, sema. Watauliza, na rekodi wanazo.

Hao vijana hawaishii kwa wastaafu. Sasa wanawakusanya wajane chini ya mwembe, wanaandika majina kwenye daftari la shule, wanatoza ada ya orodha na kubeba nakala za vitambulisho. Mjane anayedai haki ya marehemu anahitaji hati za mirathi, na daftari la mwembeni halizitoi. Wiki mbili baadaye ukipiga simu, haipatikani. Nimepokea wanne mwezi huu, na mmoja alikuwa ameuza mbuzi.